Mashine Nyuma, Maji Ndani: Hesabu ya Boti Kuukuu za Ziwa Victoria

Boti kuukuu ikishaburutwa ufuoni kwa matengenezo, mabishano huanzia nyuma. Seremala hutaka ubao wa nyuma ukatwe ili injini ishuke. Fundi wa injini husema ubao usiguswe, inunuliwe injini ya shafti ndefu. Nahodha hutaka kinyume cha seremala: injini ipandishwe, kwa kuwa ufuo una tope na propela imechoka kulilima. Mwenye boti, ambaye ndiye mlipaji, huwasikiliza wote watatu, kisha hutoboa tundu chini ya ubao uleule kwa sababu mtu wa nne amemhakikishia kwamba boti ikishika kasi maji ya ndani hunyonywa yakatoka yenyewe.

Kila mmoja wao ana kipande cha ukweli. Kinachowapotosha ni mazoea ya kulichukulia suala la kimo cha injini kama shauri la fundi wa mitambo, na la kutoa maji kama shauri la seremala. Mambo hayo mawili hukutana kwenye ubao mmoja, na katika boti iliyokula miaka ubao huo ndio uliochoka kuliko mwingine wowote. Ukikatwa, mawimbi hupata mlango. Ukitobolewa, ziwa lenyewe hupata njia. Ukiongezewa uzito, tundu lililokuwa juu ya maji hushuka chini yake.

Mvua ya Kericho, tope la Winam

Kericho na Bomet hazina ufuo, lakini zina sehemu yao katika mabishano haya. Mto Kipsonoi hupita Bomet, Yurith hukusanya maji ya upande wa Kericho, na yote miwili huanzia katika Msitu wa Mau. Ikiungana huwa Mto Sondu, unaozungusha mitambo ya Sondu-Miriu ya kampuni ya umeme ya KenGen yenye uwezo wa megawati 60 kabla ya kuingia Ghuba ya Winam ya Ziwa Victoria. Maji ya upande wa Londiani nayo huteremka kupitia Mto Nyando. Kinachosombwa na mvua kwenye miinuko ya chai hatimaye hutulia chini ya propela za Kisumu na Homa Bay.

Chai yenyewe isionewe. Shamba la chai lililoshikana vizuri huifunika ardhi mwaka mzima, na matone ya mvua huangukia majani kabla ya kugusa udongo. Tope hutoka zaidi katika mashamba ya mahindi yaliyolimwa hadi ukingoni mwa mto, barabara za udongo, na miteremko ya Mau iliyopoteza miti, hasa baada ya serikali kutenga sehemu kubwa za msitu huo kwa makazi mwaka 2001. Matokeo huonekana mbali. Ziwa kuu hufikia kina cha takribani mita 80, lakini sehemu ya ndani ya ghuba, upande wa Kisumu, ina kina cha mita chache tu, na karibu na midomo ya mito boti hupita juu ya matope laini yanayokaribia kugusa chini yake.

Virutubisho vinavyokuja na tope hilo hulisha gugumaji, mmea ulioingia ziwani mwishoni mwa miaka ya 1980 na kuziba ghuba nzima nzima miaka kumi hivi baadaye. Mizizi yake hujisokota kwenye propela na kuziba matundu ambayo injini hutumia kuvuta maji ya kujipoza. Nahodha anayetaka injini yake ikae juu kidogo hana wazimu. Anaijibu hali halisi ya maji anayopita kila alfajiri.

Mvua nayo ina zamu yake. Mchana hewa yenye unyevu kutoka ziwani hupanda milima, ndiyo sababu Kericho hunyeshewa alasiri, mara nyingi kwa mvua ya mawe. Usiku mambo hugeuka: upepo hushuka kutoka nchi kavu kuelekea ziwani, na dhoruba huumuka juu ya maji. Huo ndio wakati wavuvi wa omena, dagaa wa ziwa hili, wamo kazini na taa zao. Boti iliyo wazi, yenye ubao wa nyuma uliokatwa chini, hupokea maji kutoka pande tatu kwa pamoja: angani, kwenye nyufa za mbao, na juu ya kata la nyuma.

Chombo cha makasia, nguvu ya petroli

Ubishi huu una asili yake katika umbo la boti zenyewe. Henry Morton Stanley alipolizunguka ziwa mwaka 1875 kwa mashua yake, Lady Alice, alikuta mitumbwi mirefu ya Buganda iliyoshonwa kwa nyuzi za mimea, mbao juu ya mkuku, ikienda kwa makasia. Jina la Visiwa vya Ssese lilibaki kwenye uzao wa mitumbwi hiyo, unaoitwa sesse, hata baada ya kushona kuachwa na misumari kushika nafasi. Umbo la asili ni lenye ncha pande zote mbili. Linapasua maji vizuri, linakubali kasia na tanga, na halina mahali pa kutundika injini.

Injini za kupachika zilianza kuuzwa kibiashara Marekani miaka ya mwanzo ya karne ya 20. Ole Evinrude alianza kuuza zake mwaka 1909. Ziwani zilienea kwa kishindo hasa baada ya mbuta, samaki aliyepandikizwa katika miaka ya 1950 na 1960, kufurika miaka ya 1980 na viwanda vya kusindika minofu kufuata. Mbuta hukaa mbali na hakubali kusubiri. Baadaye Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria, LVFO, lenye makao yake Jinja, limekuwa likihesabu boti kwa aina, na orodha yake inatofautisha sesse yenye ncha pande mbili na sesse iliyokatwa bapa upande mmoja. Tofauti hiyo ndogo ya karatasini ndiyo historia ya injini ziwani: nyuma ilikatwa ili mashine ipate pa kushika.

Boti nyingi kuukuu zilizo na injini leo ni za namna mbili. Kuna zilizojengwa bapa tangu mwanzo, na kuna zilizozaliwa na ncha kisha zikakatwa zikiwa na umri. Hizi za pili ndizo zenye matatizo zaidi, kwa kuwa nyuma yake ni nyembamba. Kuelea kwa chombo hutokana na ujazo wa maji kinayoyasukuma, na nyuma iliyochongwa kuwa ncha ina ujazo mdogo. Hapo ndipo linapotundikwa zigo zito.

Uzito wa zigo hilo unapimika. Injini ya nguvu farasi 15 ya mipigo miwili, ambayo imekuwa kipenzi cha ziwa kwa miaka mingi, ina uzito wa kilo 36 hivi. Tangi la lita 25 likijaa petroli ni kilo 18 na ushee. Nahodha wa kilo 75 hukaa papo hapo akishika mkono wa usukani. Jumla inakaribia kilo 130 nyuma kabisa mwa chombo. Injini ya mipigo minne yenye nguvu ileile hunywa mafuta kidogo na haichafui maji kwa oili kama ya zamani, ila huongeza kilo 15 hivi. Muuzaji dukani huisifia kwa matumizi ya mafuta. Ubao wa nyuma huipokea kwa uzito.

Shafti, ubao na kimo cha injini

Watengenezaji wa injini hufuata vipimo viwili vya kawaida: shafti fupi kwa ubao wa nyuma wenye kimo cha sentimita 38, na shafti ndefu kwa ubao wa sentimita 51. Kimo hupimwa kutoka ukingo wa juu, pale vibano vinapokaa, hadi chini ya boti. Juu ya propela kuna bapa la chuma, na hilo ndilo la kutazamwa. Linatakiwa lilingane na chini ya boti au lishuke chini yake kwa sentimita mbili tatu.

Injini ikikaa juu mno, propela huvuta hewa kutoka juu ya maji, huzunguka kwa kasi bila kusukuma, na injini hulia kama imekatika mnyororo. La hatari zaidi halina sauti: matundu ya kuvutia maji ya kupoza hutoka majini boti inapopanda wimbi, na raba ya pampu iliyo ndani, ambayo tayari imelika kwa mchanga wa Sondu na Nyando, huharibika kwa joto. Ikikaa chini mno, mguu mzima huburuta, maji hurushwa juu na kumiminika ndani kupitia kata, na petroli huchomwa bure.

Sasa seremala na fundi wanaweza kupimwa. Hoja ya seremala ni ya mfukoni. Injini za shafti fupi zimejaa sokoni, mitumba yake hupatikana, na kukata ubao wa sentimita 51 hadi 38 ni kazi ya asubuhi moja. Udhaifu wake uko wazi kwa yeyote aliyewahi kupunguza mwendo ghafla: wimbi la boti yenyewe huikimbilia kutoka nyuma na kuruka juu ya kata. Sentimita 13 zilizoondolewa ndizo zilizokuwa zikilizuia. Katika boti iliyobeba samaki na watu wanane, ubao uliosalia juu ya maji unaweza kuwa wa upana wa kiganja.

Tiba ya kata ni kulijengea hodhi dogo mbele yake, ukuta wa mbao unaopokea maji yaliyoruka na kuyarudisha nje kwa matundu mawili ya pembeni. Boti za faibaglasi hutoka kiwandani nalo. Boti za mbao za ziwani aghalabu hazinalo, kwa sababu hula nafasi ya nyavu na humsogeza nahodha mbele. Kukata bila hodhi ni nusu ya kazi, na nusu hiyo ndiyo iliyozoeleka.

Fundi wa injini ana hoja imara zaidi kiusalama: ubao ubaki mrefu, shafti iufuate. Lakini shafti ndefu huufanyia ubao kuukuu jambo ambalo halizungumzwi sana. Propela husukuma boti mbele kutoka chini, ilhali vibano vimeshika juu, na ubao husokotwa kati ya nguvu hizo mbili. Mguu ukiwa mrefu, msokoto huongezeka. Ubao wenye afya, wa unene wa sentimita nne hadi tano, ulioshikwa na vipande vya pembe kwenye mkuku na mbavu, hauoni kitu. Ubao uliooza katikati hufunguka nyufa kwenye maungio, na maji huingia mahali ambapo hakuna anayeangalia.

Hoja ya nahodha, ya kuinua injini kwa kubandika kipande cha mbao juu ya ubao, ina mashiko kwenye maji mafupi tu. Akitoka ghubani kupitia mlango wa Rusinga na kukutana na mawimbi ya ziwa kuu, faida hugeuka hasara. Injini ndogo nyingi zina kishikizo cha kuziinua kwa muda ziendapo kwenye maji mafupi kwa mwendo wa pole, na kukitumia ni bora kuliko kujenga kimo cha tope ndani ya boti inayovuka kilindi. Wapo pia wanaoiacha sesse na ncha zake zote na kuitundika injini ubavuni kwa bano la mbao au chuma. Njia hiyo haigusi umbo la boti, na kwa injini ndogo inafaa. Hata hivyo boti huvutwa upande mmoja, na ikilala upande wa pili propela huning'inia hewani.

Kipimo cha mwisho katika sehemu hii husahauliwa kirahisi: mlalo. Injini hutengenezwa kwa kutarajia ubao wa nyuma uliolala kidogo, nyuzi 12 hivi. Ubao wa sesse iliyokatwa mara nyingi husimama wima. Injini ikibanwa hapo bila kabari, na pini ya kurekebisha mlalo ikiwa imepotea au imeshika kutu, propela hushindwa kusukuma sambamba na maji na pua ya boti huinama. Kabari ya mbao ngumu ni nafuu kuliko tangi moja la petroli.

Wezi na vibano

Kitabu cha injini kitasema: toboa ubao, pitisha bolti, kaza na uzibe matundu kwa gundi isiyopitisha maji. Ziwani ushauri huo hugongana na wizi. Injini huibwa ufuoni usiku na hata hunyang'anywa majini, kwa hiyo baada ya kazi hubebwa begani hadi ghalani na kurudishwa alfajiri. Injini iliyofungwa kwa bolti haibebeki.

Hivyo vibano viwili vya skrubu hufunguliwa na kukazwa kila siku, mahali palepale, mwaka baada ya mwaka. Mbao husagika, mashimo mawili hujichonga, maji ya mvua hutuama humo na kuoza huanzia hapo. Kwa boti kuukuu, bati zito au ubao wa mti mgumu unaobadilishika, uliofungwa pande zote mbili za sehemu ya vibano, hutatua zaidi ya nusu ya tatizo bila kumnyima mwenye injini usingizi. Mnyororo mfupi kati ya injini na mkuku huongeza kinga, kwa maana vibano vilivyolegea vimeshapeleka injini nyingi chini ya maji.

Nguruzi, debe na pampu

Maji ndani ya boti ya mbao ni jambo la kawaida. Seremala huziba maungio kwa pamba na wakati mwingine hufunika kwa vipande vya bati, lakini mbao hupanuka zikilowa na kusinyaa zikianikwa. Mti wa mvule, uliopendwa kwa kutooza, umekuwa adimu, na nafasi yake imechukuliwa na mbao laini kama za saipresi zinazopandwa katika misitu ya serikali ya nyanda za juu. Zuio la ukataji miti lililoanza Februari 2018 na kuondolewa Julai 2023 lilipandisha bei za mbao nchini, na bei ikipanda mbao huuzwa kabla hazijakauka sawasawa. Mbao mbichi ikikauka ikiwa tayari imepigiliwa, ufa hauepukiki.

Swali ni jinsi ya kuyatoa maji hayo. Njia ya kale ni kufua maji kwa upo, ambao siku hizi ni kipande cha mtungi wa plastiki uliokatwa. Haina umeme wala kipuri. Inahitaji mtu, na usiku wa dhoruba mtu huyo ndiye anayetakiwa pia kwenye kamba na nyavu.

Njia ya pili ni tundu chini nyuma, lenye nguruzi, yaani kizibo. Boti ikivutwa nchi kavu nguruzi huchomolewa na maji yote hukimbia, kazi ambayo kwa debe ingechukua nusu saa. Kwa matumizi hayo haina mpinzani. Mkanganyiko huanza pale inapoaminika kwamba nguruzi inaweza kuchomolewa safarini. Katika boti ya kasi inayoteleza juu ya maji, nyuma ya ubao hubaki pengo na maji ya ndani hutoka kweli. Sesse ya urefu wa mita nane iliyopakia haitelezi. Kwa nguvu farasi 15 huenda takribani kilomita 12 kwa saa, ikisukuma maji badala ya kuyapanda, na nyuma yake imezama muda wote. Tundu lililo wazi huleta maji ndani.

Kiasi chake kinaweza kukadiriwa kwa fizikia ya shuleni. Tundu la kipenyo cha sentimita 2.5 lililo sentimita 30 chini ya usawa wa maji hupitisha lita 40 na zaidi kwa dakika, yaani zaidi ya lita 2,500 kwa saa. Mtu mwenye debe la lita tano akichota mara nane kwa dakika bila kupumzika anakaribia tu kusimama palepale. Pampu ndogo ya umeme iliyoandikwa lita 1,900 kwa saa imeshindwa kabla haijawashwa, kwa kuwa kipimo cha kwenye boksi huchukuliwa bila kuinua maji kwenda juu.

Pampu, ambayo ni njia ya tatu, imekuwa rahisi kuliko zamani. Boti za omena zenye taa za betri tayari zina chanzo cha umeme, na pampu ndogo huvuta kidogo. Kasoro zake ni mbili. Magamba, nyuzi za nyavu na tope huziba chujio. Kisha kuna mpira wa kutolea maji: ukielekezwa nje karibu na usawa wa ziwa bila kupindwa juu kwanza, pampu ikizimwa maji hurudi ndani kwa njia ileile. Pampu iliyofungwa vibaya ni tundu jingine lenye gharama.

Njia ya nne ni sakafu iliyoinuliwa juu ya usawa wa maji, ili kinachoingia kijitokee kwa uzito wake. Marekani boti za Boston Whaler, zilizoanza kuuzwa mwaka 1958 zikiwa na povu gumu kati ya matabaka mawili ya faibaglasi, zilijenga jina kwa sifa ya kutozama. Zimebaki hai kwa miongo, na uzee wake una funzo kwa ziwa hili. Mabomba ya shaba nyeupe yanayopitisha maji kupitia ubao wa nyuma huliwa na kutu, maji yakaingia ndani ya povu, na boti huwa nzito bila dalili ya nje. Wenye boti hizo kuukuu wanaofunga injini mpya za mipigo minne hukuta kwamba nyuma imeshuka, na matundu yaliyokuwa yakitoa maji sasa huyaingiza boti ikisimama. Mbunifu aliyaweka kwa uzito wa injini za siku zake.

Kwa sesse ya mbao, sakafu ya namna hiyo haifai. Kuiinua kunapandisha mzigo na watu, chombo hupoteza utulivu, na nafasi ya samaki huisha.

Mizani inakolalia

Kinachounganisha yote haya ni maji yaliyotuama. Tabaka la sentimita tano juu ya eneo la mita nne kwa moja ni lita 200, sawa na kilo 200, uzito unaozidi injini, petroli na nahodha kwa pamoja. Tena uzito huo hautulii: boti ikiinama hukimbilia upande ulioinama, na pua ikipanda hukimbilia nyuma, ambako kata liko chini. Injini nzito huishusha nyuma, nyuma iliyoshuka huvuta maji yaliyotuama ndani, na maji hayo huishusha zaidi. Anayeanza kwa kununua injini kubwa ili boti iende haraka anaweza kuwa amenunua mwanzo wa mnyororo huo.

Kwa sababu hiyo uchaguzi wa shafti unakuja baada ya uchunguzi wa ubao. Nyundo ndogo ikigongwa kote husema mengi, maana mti mzima hulia na uliooza hunyamaza. Bisibisi ikisukumwa pembezoni mwa mashimo ya vibano huonyesha kilichobaki. Kisha injini ifungwe, kichwa chake kivutwe na kusukumwa kwa mkono: ubao ukicheza hata kwa unene wa kidole, hakuna mjadala wa sentimita 38 au 51. Ubadilishwe kwanza, pamoja na vipande vya pembe.

Ubao ukiwa mzima, hoja ya fundi inashinda kwa boti zinazotoka ghubani: usikatwe, shafti iufuate. Kwa mwenye injini ya shafti fupi asiye na fedha za nyingine, kata linakubalika kwa sharti la hodhi mbele yake, na tangi la mafuta lisogezwe katikati kwa kurefusha mpira. Kusogeza kilo 18 kwa mita mbili hakugharimu chochote zaidi ya mpira huo. Sesse yenye ncha mbili, ikiwa ni kuukuu, ni afadhali iachwe na umbo lake na kupewa injini ndogo ya ubavuni kuliko kukatwa uzeeni. Injini za umeme ambazo zimeanza kukodishwa Homa Bay zinaweza kubadili hesabu hii, kwa kuwa betri, sehemu iliyo nzito zaidi, hukaa popote mwenye boti anapotaka.

Upande wa maji, nguruzi ibaki kuwa kifaa cha nchi kavu. Ikazwe kutoka ndani, ifungwe kwa kamba kwenye mkuku isipotee, na nyingine ya akiba iwekwe karibu. Upo usiachwe hata kama pampu ipo. Mamlaka ya Bahari ya Kenya hukagua vyombo na kudai jaketi za kuokolea, lakini debe la kufulia maji ni jambo ambalo mwenye boti hulisimamia mwenyewe.

Jambo moja dogo lingestahili nafasi kubwa zaidi katika mabishano ya ufuoni. Chini ya kila taruma, yaani ubavu, la boti ya mbao panatakiwa pawe na kijitundu kinachoruhusu maji kupita kutoka chumba kimoja hadi kingine. Katika boti kuukuu vijitundu hivyo vimezibwa na tope, magamba na vipande vya pamba ya kuzibia, kwa hiyo maji hubaki yamegawanyika katika visima vitano au sita, na anayefua maji nyuma huona pakavu huku katikati pamejaa. Kipande cha waya na nusu saa ya kazi huvifungua. Ni kazi ya bei ndogo kuliko zote zilizotajwa hapa, na inafaa kufanywa kabla fundi wa injini hajaitwa.